Kufuli la Mchezo Linamfungia Nani?

Lipo jambo moja ambalo askari aliye katika lindo la mbali huliona dogo mpaka limfike. Mchezo wa video alioununua kwa fedha yake halali na kuutia katika kompyuta yake waweza siku moja kukataa kufunguka. Si kwamba umeharibika, wala si kwamba mashine imekufa. Umekataa kwa sababu mwenye duka, aliye ng'ambo ya bahari, hajapata kuulizwa kama mnunuzi huyu bado anayo ruhusa ya kuucheza.

Jambo hili huitwa ulinzi wa nakala, na leo limeenea katika karibu maduka yote yanayouza michezo kwa njia ya intaneti. Twaona yafaa kulichambua mbele ya wasomaji wetu wa majeshi na polisi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba askari ni miongoni mwa wanunuzi wanaoumizwa nalo kabla ya wengine. Ya pili ni kwamba polisi ndio wanaotumwa kuitekeleza sheria inayolilinda kufuli hilo. Maoni yetu twayatanguliza waziwazi: kufuli hili lina kazi ya haki kwa muda mfupi, lakini likiachwa bila mwisho halimzuii mwizi tena, bali humfungia nje mtu aliyelipa.

ASKARI NA SAA 24

Tarehe 6 Juni 2013 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza masharti ya mashine yake mpya ya michezo, Xbox One, iliyokuwa itoke madukani mwishoni mwa mwaka huo. Kwa mujibu wa masharti hayo, mashine ilitakiwa kuunganishwa na intaneti walau mara moja katika kila saa 24, ili seva za kampuni zihakikishe kwamba mwenyewe ana haki ya michezo aliyo nayo. Saa hizo zikipita bila mawasiliano, michezo isingechezeka, hata ile ambayo mtu hucheza peke yake bila kushindana na mwingine. Mchezo ulionunuliwa katika diski nao ungefungwa katika akaunti ya mnunuzi. Kumpa rafiki kungewezekana mara moja tu, tena awe rafiki aliyekwisha kuandikishwa katika orodha kwa siku 30 au zaidi.

Malalamiko yalikuwa mengi, lakini ya wanajeshi yalikuwa na uzito wa pekee. Waliokuwa katika kambi za ng'ambo na katika manowari waliuliza swali jepesi: sisi intaneti ya kila siku tutaipata wapi? Gazeti la Navy Times, linalosomwa na wanamaji wa Marekani, liliyatoa malalamiko hayo. Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa shughuli za michezo katika Microsoft, alipohojiwa alijibu kwamba asiyeweza kupata mtandao anayo bidhaa yake, yaani mashine ya zamani ya Xbox 360. Alimtaja hata mtu aliye ndani ya nyambizi ya nyuklia, akakubali kwamba huko mtandao haupatikani kwa urahisi. Jibu hilo liliongeza hasira badala ya kuituliza. Tarehe 19 Juni, siku 13 tu baada ya kuyatangaza masharti yake, Microsoft iliyafuta.

Tukio hilo lilionyesha bayana ni nani anayeguswa kwanza na kufuli la namna hii. Mwizi wa michezo haulizwi chochote na seva, kwa maana nakala yake imekwisha kuvunjwa kufuli. Anayeulizwa kila siku ni yule aliyelipa. Na miongoni mwa waliolipa, anayeshindwa kujibu ni yule aliye porini, baharini, mpakani, au katika kikosi cha kulinda amani. Askari wa Uganda na wa Burundi waliotumikia Somalia tangu mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa maana ya mawasiliano kukatika.

KUFULI HILI HUFANYAJE KAZI?

Zamani mchezo ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Ulikuja katika kaseti, kibweta au diski, na aliyekuwa nacho ndiye aliyecheza. Ulinzi wa nakala ulikuwapo tangu siku hizo. Mashine ya Nintendo iliyoletwa Marekani mwaka 1985, kwa mfano, ilikuwa na kidude cha ndani kilichokataa vibweta visivyoidhinishwa na kampuni hiyo. Lakini kufuli na ufunguo vilikaa pamoja nyumbani kwa mnunuzi.

Duka la mtandaoni limeutenganisha ufunguo na kufuli. Mnunuzi hufungua akaunti, hulipa, kisha huuteremsha mchezo katika mashine yake. Mchezo wote umo humo, lakini anapotaka kuucheza, programu ya duka hupeleka swali kwa seva: je, akaunti hii imo katika daftari la walionunua? Seva ikijibu ndiyo, hutoa hati ya ruhusa, na mchezo hufunguka. Maduka mengine huiacha hati hiyo katika mashine, ili mtu aweze kucheza kwa muda bila mtandao. Michezo mingine hutaka swali liulizwe kila inapofunguliwa, na mingine hutaka mawasiliano yasikatike hata dakika moja wakati wa kucheza.

Kwa hiyo anachokipata mnunuzi ni leseni, nayo leseni ni ruhusa ya kutumia mali ya mwingine kwa masharti ya mwenyewe. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ufunguo uliowekwa katika seva ya ng'ambo nao haumfai mtu siku njia ya kuufikia inapokatika.

TANGU MWAKA 2003

Duka la Steam, la kampuni ya Valve ya Marekani, lilifunguliwa mwezi Septemba 2003. Mwaka uliofuata Valve ilitoa mchezo wa Half-Life 2, ikamlazimisha hata aliyeununua katika diski kujiandikisha na Steam kabla ya kucheza. Wengi walichukia, lakini duka hilo baadaye lilipata kuwa kubwa kuliko yote yanayouza michezo ya kompyuta.

Mwezi Septemba 2008 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa Spore. Kufuli lake lilimruhusu mnunuzi kuuandikisha katika kompyuta 3 tu, idadi ambayo baadaye iliongezwa ikawa 5. Wanunuzi walikwenda mahakamani, na mchezo huo ukawa miongoni mwa michezo iliyonakiliwa kwa wizi kuliko mingine mwaka ule. Kufuli kali halikumzuia mwizi hata kidogo, lakini lilimhesabia mnunuzi halali idadi ya mashine zake.

Mwezi Machi 2010 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa toleo la kompyuta la Assassin's Creed II kwa sharti kwamba mtandao usikatike wakati wote wa kucheza. Hazikupita siku nyingi, seva zake zikashambuliwa na watu wasiojulikana, na walionunua wakashindwa kucheza mchezo ambao hauhitaji mshindani yeyote. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilieleza kwamba imeacha utaratibu huo. Hata hivyo, mwezi Machi 2013 Electronic Arts ilitoa mchezo wa kujenga miji, SimCity, kwa sharti lile lile. Seva zilizidiwa siku za kwanza, maelfu ya wanunuzi wakakaa nje, na kampuni ikalazimika kuwapa mchezo mwingine bure kuwa fidia. Hapo awali ilielezwa kwamba mchezo huo hauwezi kwenda bila seva. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Machi 2014, kampuni yenyewe ilitoa njia ya kuucheza bila mtandao.

HOJA YA WENYE MAKAMPUNI

Haki yataka tuisikilize hoja ya upande wa pili. Mchezo mkubwa wa siku hizi hutengenezwa na mamia ya mafundi kwa miaka kadhaa, na gharama yake hurudishwa zaidi katika majuma ya kwanza ya mauzo. Nakala ya wizi ikitoka siku ile ile, baadhi ya watu ambao wangenunua hawanunui tena. Kwa ajili hiyo tangu mwaka 2014 makampuni mengi yametumia kufuli la Denuvo, lililobuniwa na kampuni ya Salzburg, Austria, ambayo mwezi Januari 2018 ilinunuliwa na Irdeto ya Uholanzi.

Kufuli hilo si la bure tu. Utafiti wa mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha North Carolina, uliotolewa mwaka 2024, uliichunguza michezo iliyolindwa na Denuvo. Uliona kwamba kufuli likivunjwa mapema kabisa, mapato hupungua kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Hiyo ni hasara ya kweli, na asiyetaka kuikubali hasemi kweli. Lakini utafiti huo huo ulionyesha upande wa pili: kufuli likivunjwa baada ya majuma 12 hivi, hasara karibu haipo. Maana yake ni kwamba baada ya miezi mitatu mlinzi huyu hana tena mali ya kulinda, ila bado amesimama mlangoni akimdai mwenye nyumba kitambulisho.

Wapo pia waliofanya biashara bila mlinzi kabisa. Mwaka 2008 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilianzisha duka la GOG, linalouza michezo isiyo na kufuli. Mnunuzi huteremsha faili lake, hulihifadhi anapotaka, na hulitumia bila kumwuliza mtu. Mwaka 2015 mchezo mkubwa wa kampuni hiyo, The Witcher 3, ulitoka katika duka hilo bila kufuli tangu siku ya kwanza. Ilipofika mwezi Mei 2023, kampuni ilitangaza kwamba nakala zaidi ya milioni 50 za mchezo huo zilikuwa zimekwisha kuuzwa katika mashine za aina zote. Naye Gabe Newell, mkuu wa Valve, alisema mwaka 2011 kwamba wizi wa nakala mara nyingi hutokana na huduma mbaya kuliko bei kubwa. Mfano alioutoa ni Urusi, nchi iliyodhaniwa na wengi kwamba haina mnunuzi, ambako Valve ilipata soko kubwa baada ya kuwahudumia watu vizuri na kwa lugha yao.

DUKA LIKIFUNGWA

Hatari kubwa zaidi ya kufuli lisilo na mwisho huonekana siku mwenye ufunguo anapoondoka. Nintendo ililifunga duka la mtandaoni la mashine yake ya Wii mwezi Januari 2019, na mwezi Machi 2023 ikasimamisha mauzo katika maduka ya Wii U na 3DS. Microsoft ilifunga duka la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Mashine hiyo ndiyo ile iliyotajwa mwaka 2013 kuwa ni kimbilio la mtu asiye na mtandao.

Kufunga duka ni jambo moja, na kuichukua mali iliyokwisha kuuzwa ni jambo jingine. Ubisoft ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew mwezi Desemba 2014. Tarehe 31 Machi 2024 ilizizima seva zake, na kwa kuwa mchezo haufunguki bila seva, ulikufa siku hiyo hata kwa aliyetaka kuendesha gari peke yake. Baada ya hapo wanunuzi waliona leseni zao zimefutwa katika akaunti zao. Mwezi Novemba 2024 baadhi yao walifungua mashtaka huko California.

Nchi zenye viwanda vya michezo zimeanza kuhesabu hasara ya namna hii kama hasara ya utamaduni. Shirika la Video Game History Foundation lilitangaza mwaka 2023 kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Sababu zake ni nyingi, na kufuli si ya pekee. Lakini kitabu cha zamani chaweza kukaa kabatini mwa mtu miaka 100 kikasomeka, na mchezo unaohitaji seva hauna kabati.

SHERIA NA KAZI YA POLISI

Sasa tugeukie wanaoitekeleza sheria. Mkataba wa Hakimiliki wa shirika la WIPO, uliofanywa mwaka 1996, unazitaka nchi wanachama kuzilinda kinga za kiufundi ambazo wenye haki huzitumia. Marekani ilitunga sheria yake mwaka 1998. Kenya nayo, katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliharamisha kuvunja kinga hizo. Katika sheria ya Marekani kuvunja kufuli ni kosa la peke yake, mbali na kosa la kunakili. Hata hivyo, kila baada ya miaka mitatu huamuliwa ni akina nani watakaosamehewa. Mwaka 2015 walisamehewa watu wanaofufua mchezo wa mtu mmoja ambao seva yake ya uthibitisho imezimwa. Mwezi Oktoba 2024 maktaba zilizoomba kuwafungulia watafiti walio mbali michezo ya zamani zilikataliwa.

Kwa hiyo askari polisi apaswa kuwatofautisha watu watatu, ambao katika maneno ya haraka huitwa wote wezi. Wa kwanza ni yule anayetengeneza nakala haramu au vifaa vya kuvunjia kufuli kwa biashara. Mfano ni kundi la Team Xecuter, lililouza vifaa vya kuvunjia ulinzi wa mashine za Nintendo. Mtu mmoja wa kundi hilo alihukumiwa na mahakama ya Seattle mwezi Februari 2022 kifungo cha miezi 40. Wa pili ni yule anayetumia nakala ambayo hakuilipia. Wa tatu ni yule aliyelipa, kisha akalifungua kufuli ili atumie alichokinunua baada ya duka kufungwa au mtandao kukatika. Sheria ya nchi yaweza kuwagusa wote watatu, na polisi hana ruhusa ya kujitungia sheria yake. Lakini mpelelezi anayejua tofauti hii atajua wapi pa kuanzia kazi, na hataanza kwa askari mwenzake mwenye kompyuta moja na risiti mkononi.

Upande wa mnunuzi nao umeanza kusikika. Mwaka 2019 mahakama ya Paris, katika kesi ya chama cha walaji cha UFC-Que Choisir dhidi ya Valve, iliamua kwamba mnunuzi aweza kuuza tena mchezo wake wa Steam. Mwezi Oktoba 2022 mahakama ya rufani iliutengua uamuzi huo. Huko California, sheria iliyotiwa sahihi na Gavana Gavin Newsom mwezi Septemba 2024 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Inamkataza muuzaji wa mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba apewa leseni tu. Sheria hiyo haimgusi muuzaji anayemwachia mteja faili la kudumu lisilohitaji mtandao. Katika Ulaya, kampeni iliyoanzishwa na Mmarekani Ross Scott baada ya kifo cha The Crew ilikuwa imepita sahihi milioni 1 mwezi Julai 2025. Idadi hiyo ndiyo inayoilazimu Kamisheni ya Ulaya kutoa jibu. Ubisoft yenyewe iliahidi mwezi Septemba 2024 kwamba The Crew 2 utawekewa njia ya kuchezwa bila seva.

TUFANYE NINI?

Kwa askari anayejiandaa kwenda kituo cha mbali, ushauri wetu ni wa kawaida, kama ule wa kukagua silaha kabla ya safari. Auteremshe mchezo wote wakati mtandao upo. Aufungue mara moja akiwa ameunganishwa, ili hati ya ruhusa iandikwe katika mashine. Kisha aukate mtandao kwa makusudi na kujaribu kuucheza. Ukikataa nyumbani, utakataa na huko aendako. Risiti aihifadhi. Na kabla ya kulipa, asome kama anauziwa faili la kudumu au ruhusa ya muda, kwa kuwa mara nyingi bei yaweza kuwa ile ile.

Kwa wenye kutunga sheria, jambo la kudai si kufutwa kwa ulinzi. Mtunzi ana haki ya jasho lake, na mwizi wa nakala ni mwizi. La kudai ni kwamba kila kufuli liwe na muda uliotajwa tangu siku ya kuuza, na kwamba kampuni inayozima seva yake iwajibike kwanza kuwaachia wanunuzi ufunguo. Katika jeshi, mlinzi huwekwa kwa zamu, na zamu ikiisha huondolewa kwa amri. Kufuli la mchezo lililokwisha kumaliza kazi yake ya kulinda mauzo nalo lapaswa kuondolewa kwa amri, wala lisiachwe mlangoni kumzuia mtu aliyelipa.